Mara 147 Manda, mara 58 nyumbani

Mwaka jana nilitua Manda mara 147. Nilizihesabu mwenyewe, mstari kwa mstari, kwenye daftari langu la saa za kuruka, nimekaa kitandani katika chumba nilichopanga Lang'ata, Nairobi. Nilipomaliza nikafungua kalenda ya simu, nikahesabu kitu ambacho daftari la rubani haliandiki: nililala Lamu mara ngapi. Mara 58.

Kwa asiyeijua Lamu, uwanja wetu wa ndege hauko mjini. Uko kisiwa cha Manda, na mji uko ng'ambo, mkondo wa bahari umepita katikati. Abiria wakishuka hutembea hadi jeti, yaani gati la boti, hupanda boti, na muda si mrefu wameshafika mbele ya mji, wachukuzi wanagombania masanduku yao. Mimi hubaki na ndege. Ratiba hutupa dakika 25: mizigo ishuke, mizigo ipande, nizunguke nikague matairi na mapangaboi, kapteni asaini karatasi ya uzito, abiria wa kurudi Nairobi wakae, milango ifungwe. Nikipata dakika tatu za ziada hukimbia hadi jeti, na kutoka pale naiona Lamu yote imelala mbele yangu. Nyumba yetu iko Langoni, haionekani kutoka baharini, lakini najua ilipo.

Siku moja mwezi wa Machi mke wangu alivuka na binti yetu wa miaka sita wakaniletea mikate ya mofa na samaki wa kupaka ndani ya bakuli lililofungwa leso. Tulikaa kwenye benchi la jeti dakika 11. Halafu kapteni akanipungia mkono. Jioni mke wangu alinipigia simu akaniambia kuwa waliporudi, nahodha wa boti alimuuliza binti yetu babake ni nani. Akajibu, "Babangu hukaa Manda."

Niliiweka sentensi hiyo kifuani kwa miezi. Nilipoanza kuitwa kwenye kazi nyingine, sentensi hiyo ndiyo niliyozipimia.

Kwa sasa mimi ni rubani msaidizi wa Dash 8, ndege ya abiria ya mapangaboi yenye injini mbili, katika kampuni yenye makao uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Nimeruka saa 3,400, na kati ya hizo 2,100 ni za Caravan, ndege ya injini moja ambayo ndiyo iliyonilea. Leseni ya juu kabisa, ile inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege ya abiria inayohitaji marubani wawili, huanzia saa 1,500, na mimi ninayo. Kinachonikosesha kiti cha kushoto, yaani kiti cha kapteni, ni kwamba kampuni imekuwa ikiniahidi kwa mdomo tu kwa miaka miwili sasa. Kila nikiuliza naambiwa zamu yangu imekaribia. Sina karatasi yoyote.

Ndipo zikaja kazi tatu kwa mpigo. Ya kwanza ilitoka Uarabuni: rubani msaidizi wa A320, ndege kubwa ya injini za jeti, mshahara mara mbili na nusu ya ninaopata, nyumba juu yao, karo ya mtoto juu yao. Ya pili ilitoka Malindi: kapteni wa Caravan kwa kampuni ndogo inayopeleka watalii Lamu, Kiwayu na mbuga za Tsavo. Ya tatu ilikuwa ya kampuni inayorusha ndege kwa mikataba ya misaada huko Sudan Kusini: kapteni wa Dash 8, kituo Juba, wiki sita kazini, wiki tatu nyumbani.

Ya Malindi niliikataa mapema, na iliniuma, kwa sababu njia ile naipenda kuliko njia zote ninazozijua. Ukiondoka Malindi kuja Lamu kipindi cha mvua, Sabaki humwaga maji mekundu baharini mpaka mbali, kama mtu aliyemwaga chai kwenye kitambaa. Halafu ni Ghuba la Ungwana, halafu mdomo wa Tana pale Kipini, mikoko, halafu visiwa vyetu. Ningeweza kuiruka njia hiyo mpaka nizeeke. Lakini kampuni ile ina ndege moja. Ndege hiyo ikiingia gereji kwa ukaguzi, rubani hukaa, na mkataba ulisema akikaa halipwi posho za kuruka, ambazo ndizo zilizobeba zaidi ya nusu ya pato lote. Tena mke wangu ni nesi wa serikali ya kaunti ya Lamu. Malindi iko kaunti ya Kilifi. Tangu afya iwekwe chini ya kaunti mwaka 2013, kuhama kutoka kaunti moja kwenda nyingine si jambo la barua moja. Kwa hiyo ningekuwa karibu na nyumbani kwenye ramani, na bado nipange chumba.

Sasa niseme juu ya Uarabuni, maana hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Anayeanzia Caravan huitazama A320 kama mvuvi wa mtumbwi anavyoitazama meli. Saa za ndege ya jeti ndizo zinazofungua milango yote baadaye. Ukiwa na saa elfu mbili za jeti, mashirika hayakuulizi tena ulianzia wapi. Na mimi nina miaka 33. Sheria za kimataifa huturuhusu kuruka ndege za abiria zenye marubani wawili hadi miaka 65, kwa hiyo nina muda, lakini mashirika makubwa hupandisha watu vyeo kwa foleni ya tarehe ya kuajiriwa. Kila mwaka unaochelewa kuingia, kuna vijana mia wamekutangulia kwenye foleni, na foleni hiyo ndiyo inayoamua utakuwa kapteni lini, utapumzika sikukuu gani, na nani ataondolewa kwanza mambo yakiharibika.

Hilo la mwisho nalijua kwa mwili wangu. Machi 2020, korona ilipoingia, nilikuwa kapteni mpya wa Caravan, miezi minane tu kwenye kiti cha kushoto. Kampuni niliyokuwa nayo wakati ule ilitupa barua ya mistari minne: likizo bila malipo hadi hapo itakapotangazwa. Niliisoma tena na tena kutafuta neno "mshahara wa msingi", halikuwamo. Nikarudi Lamu, nikaingia kwenye mashua ya mjomba wangu kubeba mchanga na mawe ya ujenzi. Ndege za ndani ziliporuhusiwa kurudi angani tarehe 15 Julai 2020, walioitwa kwanza ni wale wa zamani. Mimi niliitwa Novemba. Rafiki niliyesoma naye alikuwa Uarabuni, kwenye jeti, ana miezi kumi na moja kazini. Yeye hakuitwa kabisa. Alirudishwa na mizigo yake, na nyumba ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo kazi na paa vilimtoka siku moja.

Tangu hapo nikipewa mkataba siangalii jumla ya mshahara kwanza. Natafuta mshahara wa msingi ni kiasi gani, yaani kile nitakacholipwa hata nisiporuka dakika moja. Kisha natafuta nikiumwa itakuwaje. Rubani hupimwa afya kila mwaka, na daktari akiona kitu moyoni au kwenye macho, leseni hulala siku hiyo hiyo, hata kama wewe mwenyewe hujisikii vibaya. Kuna bima ya kupotelewa na leseni, na wengi wetu hatuulizi kama imo. Ya Uarabuni ilikuwamo, na mshahara wa msingi ulikuwa mzuri. Sitaki kuwadhulumu, ulikuwa mkataba safi. Walitaka tu nifungwe na mkataba miaka mitatu, kwa sababu wangenilipia mafunzo ya A320. Nikiondoka kabla, ningerudisha kilichobaki.

Nilimpelekea mke wangu picha za kurasa zote. Hakujibu siku hiyo. Kesho yake nilipopiga simu alikuwa anajiandaa kwenda kazini, wodi ya akina mama. Nikamwambia habari za nyumba, shule, joto ambalo hatungelisikia kwa kuwa kila mahali kuna viyoyozi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba watoto, kule nitaanza kwa kufanya mtihani wa leseni upya. Huku nina zamu leo usiku." Akakata simu kwa sababu alikuwa anachelewa, wala hakukasirika. Lakini nilibaki na lile neno "leseni". Mimi yangu naitunza kama mboni ya jicho, na ya kwake nilikuwa nimeipita bila kuiona.

Ningeweza kwenda peke yangu. Nikaipiga hesabu hiyo pia. Siku nane za mapumziko kwa mwezi, lakini zimetawanywa, mbili huku, moja kule. Tiketi ya mfanyakazi hupata kiti ikiwa kimebaki, usipokipata unarudi ulikotoka. Ukifika Nairobi unavuka mji hadi Wilson, halafu Manda, halafu boti. Mapumziko ya siku mbili yangeishia njiani. Ningeiona familia wakati wa likizo ya mwaka na bahati nyingine mbili tatu. Haingefika hata ile 58.

Hapo ndipo nilipolazimika kwenda kwa ami.

Ami ni mdogo wake marehemu baba yangu. Mwaka 2013, ada ya chuo cha urubani ilipofika karibu shilingi milioni tatu, mama aliuza dhahabu yake na ami akauza shamba lake la Hindi, bara, lenye miembe na mikorosho. Alinipa shilingi 1,200,000 mkononi. Nimemrudishia 450,000 kwa vipande vipande. Watu wote nyumbani wakinizungumzia mambo ya kazi husema Mungu atafungua, nenda unapoona kheri, sisi tunakuombea. Maneno mazuri, na nayashukuru. Lakini hayakunisaidia kuchagua.

Nilimkuta barazani baada ya alasiri, kahawa mkononi. Nikamweleza zote tatu, polepole, na fedha zake. Akaniuliza, "Hiyo ya Sudani, kunapigwa watu?" Nikamwambia kuna sehemu zina vita, na kuna sheria kali za usalama kuhusu wapi tunatua na wapi hatutui. Akaniuliza kuhusu viwanja. Nikamwambia vingi ni vya udongo, mvua ikinyesha havitumiki, ila Dash 8 huenda kwenye vile vikubwa. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikwambii uende wapi. Lakini fedha zangu nazitaka. Baada ya Ramadhani ijayo nina harusi ya binti."

Siku mbili nilikuwa na uchungu. Siku ya tatu nikaona kwamba katika watu wote niliowauliza, yeye ndiye pekee aliyenipa kiasi na tarehe. Shilingi 750,000, kabla ya harusi. Deni lina heshima yake, na anayekudai akikwambia wazi anakutendea wema. Nikaichukua tarehe hiyo nikaipeleka kwenye daftari. Kwa kazi niliyonayo nisingeifikia. Kwa Uarabuni ningeifikia mapema kabisa. Kwa Juba ningeifikia nikibana, mwezi mmoja kabla.

Usiku ule ndio niliohesabu kutua kwangu Manda. Wiki sita kazini na tatu nyumbani ni mzunguko wa wiki tisa. Mwaka una mizunguko karibu sita kasoro kidogo, kwa hiyo wiki za nyumbani ni 17 na ushei, siku 121. Nikatoa siku za safari, kwenda na kurudi, kama 12. Zikabaki 109. Nikazipiga tena kwa kikokotoo cha simu kwa sababu sikuamini. Juba, nchi nyingine, ingenilaza Lamu karibu mara mbili ya kazi inayonitua Manda karibu kila siku ya tatu. Nilikuwa nimedanganyika na ukaribu miaka yote. Nilikuwa naiona Lamu kutoka juu, naona Magogoni na gati za bandari mpya, naona boti zinakata mkondo, nikadhani niko nyumbani.

Na si idadi tu. Wiki tatu mfululizo mtu anaweza kumpeleka mtoto chuoni, madrasa, kila asubuhi mpaka mwalimu akamzoea. Anaweza kuugua na kupona akiwa nyumbani. Mke wangu akiwa na zamu za usiku, nitakuwapo mimi wa kumlaza mwanetu mdogo, ambaye ana miaka miwili na hunitazama kwanza kama mgeni kila nifikapo, kisha hunikumbuka jioni ya pili, wakati nafunga mkoba.

Sikusaini siku hiyo. Niliwaandikia kampuni ya Juba maswali tisa, na yanayofaa kusemwa hapa ni matatu. Niliuliza wiki tatu zinaanza kuhesabiwa lini, siku ninayoondoka kituoni au siku ninayofika kwangu. Wakajibu siku ya kuondoka kituoni. Niliuliza yule anayekuja kunipokea akichelewa, siku ninazoongeza zinalipwaje na zinarudishwa vipi. Hili lilichukua barua pepe nne, mwishoni wakakubali kuandika kwamba nyongeza ya zaidi ya siku tatu italipwa na pia itaongezwa kwenye mapumziko. Na niliuliza juu ya simuleta, mashine inayoiga ndege ambayo marubani hupimiwa ndani yake. Kila miezi sita lazima tupimwe, tuzimiwe injini wakati wa kupaa, tuwashiwe moto wa bandia, tuonyeshe kwamba bado tunajua la kufanya. Dash 8 haina simuleta mtaa wa pili, ni safari ya nje, siku tano au sita. Siku hizo zitaliwa kutoka wiki zangu au zao? Walisema kwanza zangu. Nikasema basi mkataba si wa sita kwa tatu. Ikawa nusu kwa nusu, na imeandikwa. Tiketi ya Nairobi hadi Lamu walikataa kuilipa. Nikaikubali hiyo.

Marubani wenzangu wawili wameniambia nimekosea. Mmoja alinikasirikia kabisa. Aliniambia A320 haibishi hodi mara mbili, na kwamba miaka kumi ijayo nitakuwa bado na mapangaboi masikioni huku wenzangu wakitua London. Ana haki ya kusema, na sina la kumjibu, kwa sababu naitaka A320 ile. Naitaka sana. Nilipowaandikia watu wa Uarabuni kwamba nashukuru lakini siji, nilitoka nikatembea Lang'ata Road mpaka giza likaingia. Nilikuwa kijana wa Langoni nikitazama michirizi ya ndege kubwa juu ya bahari, nikiuliza zinakwenda wapi. Siwezi kusema kitu hicho kimekufa. Nimekiweka chini kwa makusudi, nikijua uzito wake.

Ninachokipata kwa kubadilishana ni kiti cha kushoto, kwa karatasi, na saa za ukapteni wa ndege ya injini mbili. Hizo nazo zina thamani, hata kama si za jeti. Mama ana hofu ya Juba na sijaweza kumtoa hofu yote. Nimemwonyesha kwenye simu kambi tutakayokaa, makontena yenye viyoyozi na uzio, akauliza tu kama kuna msikiti. Upo mjini, nikamwambia. Akasema haya.

Ami nilimpelekea 100,000 wiki iliyopita, kutoka akiba, na nikamwandikia tarehe za zinazofuata kwenye karatasi. Aliikunja akaitia ndani ya kofia yake.

Jana nilitua Manda kwa mara ya mwisho kwa kampuni hii. Kapteni aliniachia mimi nitue. Kusi ilikuwa inavuma kwa ubavu, nguvu kiasi, pua ya ndege ikaelekea upepo mpaka karibu tuguse, nikainyoosha, gurudumu la upande wa upepo likagusa kwanza kama inavyotakiwa, halafu la pili. Abiria mmoja nyuma akapiga makofi. Dakika 25. Nikakagua matairi, nikagusa kila pangaboi kwa mkono, kapteni akasaini karatasi ya uzito. Nilifika jeti nikasimama. Maji yalikuwa yamekupwa. Kisha tukaondoka.

Alhamisi narudi, na safari hii nimekata tiketi. Kabla ya Juba nina siku kumi. Nitashuka na mkoba mmoja, nitatembea na wengine hadi jeti, na nitapanda boti.